Otonglo ya mfalme asiyetawazwa: Ni hazina au ni kumbukumbu tu?

KATIKA nyumba nyingi za wazee kandokando ya Ziwa Victoria, kuanzia Seme na Asembo hadi Kendu Bay na Mbita, huwapo kopo lililosahauliwa. Ndani yake mna vifungo, sindano, ufunguo usiojulikana ni wa kufuli lipi, na sarafu mbili tatu za shaba zenye tundu katikati. Ile kubwa, ya senti kumi, Wajaluo waliiita otonglo. Ndogo yake, ya senti tano, ilijulikana na wengi nchini kwa jina la ndururu.

Aghalabu kopo hilo hufunguliwa baada ya matanga, jamaa wanapogawana vitu vya marehemu. Kijana mmoja huipangusa sarafu kwa kidole, akasoma mwaka wa 1936 na maandishi ya Kilatini yanayoanza na EDWARDVS VIII. Akilitafuta jina hilo kwenye simu yake, hukutana na habari ya kumpotezea usingizi: mnamo Januari 2020, sarafu moja ya dhahabu ya Mfalme Edward wa Nane iliuzwa nchini Uingereza kwa pauni milioni moja.

Kabla jua halijatua, ukoo mzima umekwisha kupata habari kwamba marehemu aliacha mamilioni. Mipango ya kununua shamba na kulipa karo huanza kufanywa. Baada ya siku chache hujitokeza dalali anayedai kumjua tajiri wa ng'ambo anayezitafuta sarafu hizo kwa udi na uvumba, almuradi familia itangulize ada kidogo ya ukaguzi.

Je, otonglo ya mwaka 1936 ina thamani gani hasa? Jibu fupi ni kwamba inaweza kununua kikombe cha chai na mandazi, pengine chakula cha mchana endapo imehifadhika vizuri mno. Jibu refu ndilo lenye faida, kwa kuwa linaeleza jinsi sarafu mbili zenye jina la mfalme mmoja zinavyoweza kutofautiana thamani kama ardhi na mbingu.

Mfalme wa siku 326

Edward wa Nane alirithi kiti cha ufalme wa Uingereza tarehe 20 Januari 1936, siku aliyofariki babake, Mfalme George wa Tano. Hakuwa mgeni katika eneo letu. Alipokuwa bado mwanamfalme alizuru Kenya mwaka 1928 kwa ajili ya kuwinda, ikambidi akatize safari aliposikia kwamba babake anaumwa. Alirejea tena mwaka 1930.

Utawala wake haukudumu. Alitaka kumwoa Wallis Simpson, mwanamke Mmarekani ambaye alikuwa na mume na ambaye awali alikuwa ametalikiwa. Serikali na Kanisa la Uingereza vilikataa katakata. Tarehe 11 Desemba 1936 akawa ameacha ufalme, baada ya siku 326 tu, bila kuvikwa taji. Nduguye alishika nafasi yake kwa jina la George wa Sita.

Katika siku hizo, kiwanda cha kifalme cha kufulia sarafu jijini London kilikuwa mbioni kuandaa sarafu mpya zenye sura ya Edward. Kazi ya sura ina mlolongo wake. Msanii huchora na kufinyanga, mfalme hutazama na kutoa maoni, kisha michoro hurekebishwa na mihuri ya chuma kuchongwa. Edward mwenyewe aliichelewesha kwa kushikilia kwamba sura yake itazame kushoto, ilhali desturi ilidai kwamba kila mfalme atazame upande ulio kinyume na ule wa mtangulizi wake. Alipoondoka, sarafu hizo zilikuwa bado katika hatua ya majaribio, na nchini Uingereza hazikuwahi kutolewa kwa umma. Hata sarafu zilizofuliwa huko mwaka mzima wa 1936 ziliendelea kubeba sura ya marehemu babake.

Afrika Mashariki mambo yalikuwa tofauti. Sarafu zetu za senti tano na senti kumi zilikuwa na tundu katikati, hivyo hazikuwa na nafasi ya sura ya mtu. Upande mmoja ulikuwa na taji, jina la mfalme na thamani ya sarafu. Upande wa pili ulionyesha pembe za ndovu zikilizunguka tundu. Alipobadilika mfalme, kilichohitaji kubadilishwa ni jina tu. Kwa hiyo viwanda viliweza kufua sarafu za Edward mara moja, zikafika huku na kutumika.

Ndivyo ilivyotukia kwamba muuza samaki wa Kisumu alishika mkononi sarafu yenye jina la Edward wa Nane, ilhali mwenye duka mjini London hakupata kuiona ya kwao. Makoloni mengine yaliyopata bahati hiyo ni Afrika Magharibi ya Kiingereza, Fiji na New Guinea, na sarafu zao pia zilikuwa na tundu.

Otonglo za mwaka huo zilifuliwa kwa mamilioni. Ukiitazama yako kwa makini, huenda ukaona herufi ndogo. H ni alama ya kiwanda cha Heaton na KN ni ya King's Norton, vyote viwili vya Birmingham. Isiyo na herufi yoyote ilitoka London. Kwa wakusanyaji wa sarafu duniani, otonglo ndiyo njia rahisi ya kujipatia kitu chenye jina la mfalme huyo bila kufilisika.

Sarafu iliyouzwa kwa pauni milioni moja ni ya jamii nyingine kabisa. Ni moja kati ya sita zilizofuliwa kwa dhahabu kwa ajili ya majaribio. Ile ilikuwa rasimu, na otonglo ni chapa ya mwisho iliyosambazwa sokoni.

Rasimu zilizofuliwa kwa chuma

Kabla ya serikali kutoa sarafu mpya, kiwanda hufua vipande vichache vya majaribio. Hupima kama mchoro unatokeza vizuri, kama chuma kilichopendekezwa kinafaa, na kama ukubwa wake hautawachanganya watu na sarafu nyingine. Vipande hivyo huonyeshwa wakubwa. Vingine hukubaliwa na kuwa fedha halali, vingi hukataliwa. Vile vilivyokataliwa vikaponea kuyeyushwa ndivyo wakusanyaji wanavyovigombania.

Nchi inayosifika zaidi kwa sarafu za aina hii ni Marekani ya karne ya 19. Kiwanda chake cha Philadelphia kilifua majaribio ya kila namna, kwa dhahabu, fedha, shaba, nikeli na hata aluminiamu, ambayo wakati huo ilikuwa madini ya anasa. Mwaka 1856 kilifua senti ndogo yenye picha ya tai arukaye ili wabunge wajionee pendekezo la kuachana na senti kubwa ya shaba. Pendekezo likapita, na sarafu rasmi zikatoka kwa wingi mwaka 1857. Leo senti ya 1857 hupatikana kwa bei nafuu, bali ile ya 1856 huuzwa kwa maelfu ya dola. Mchoro ni mmoja, na tofauti ya umri ni mwaka mmoja tu.

Mwaka 1879 na 1880 Wamarekani walijaribu sarafu ya dhahabu ya dola nne, iliyokusudiwa kurahisisha biashara na nchi za Ulaya. Wazo hilo lilikufa, lakini vipande vilivyosalia vinathaminiwa mno. Mwaka 1877 vilifuliwa vipande viwili vya dhahabu vya dola 50. Mwaka 1909 tajiri aitwaye William Woodin alivinunua kwa dola 10,000 kila kimoja, kiasi kikubwa sana kwa zama hizo. Kelele zilipozidi kwamba mali ya umma imeuzwa, alivirudisha, naye akafidiwa kwa shehena ya sarafu nyingine za majaribio zilizokuwa zimelala kiwandani. Woodin huyo ndiye aliyekuja kuwa waziri wa fedha wa Marekani mwaka 1933.

Visa hivi vinatufunza kwamba umri pekee haupandishi bei. Wakusanyaji huuliza maswali matatu: zimebaki ngapi, iliyo mkononi mwako iko katika hali gani, na ni watu wangapi wanaoitaka. Otonglo ya Edward inatakwa na wengi, ila zilizobaki ni tele.

Rupia, senti na florini

Je, ina maana kwamba makopo ya wazee wetu hayana kitu cha maana? La hasha. Historia ya fedha katika eneo hili ina sarafu zilizo adimu kweli, tena baadhi yake hupuuzwa kwa kuwa hazina jina la mfalme maarufu.

Reli kutoka Mombasa ilifika Port Florence, ambayo leo ni Kisumu, mnamo Desemba 1901. Pamoja nayo ilikuja rupia ya India. Ndiyo waliyolipwa wafanyakazi wa reli, ndiyo iliyopokewa katika maduka ya wafanyabiashara Wahindi kama Allidina Visram, na ndiyo iliyodaiwa na serikali katika kodi ya nyumba. Mtu aliyezoea kuhesabu mali kwa ng'ombe, mbuzi na majembe alilazimika kuitafuta rupia, hata kama ilimpasa kwenda mbali kuifanyia kazi.

Kabla ya reli, Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, maarufu kama IBEA, ilikuwa imetoa sarafu zake mwaka 1888 zenye neno Mombasa. Kabla ya hapo, mwaka 1882, Sultani Barghash wa Zanzibar alifuliwa riali za fedha na za dhahabu. Pesa zake ndogo za shaba zilizagaa pwani nzima na hazina bei kubwa, lakini riali zake za dhahabu ni miongoni mwa sarafu adimu zaidi katika Afrika Mashariki.

Mwanzoni mwa karne ya 20 rupia iligawanywa kuwa senti mia moja, na hapo ndipo sarafu zenye tundu zilipoingia. Tundu liliwawezesha watu wasiokuwa na mifuko kuzitunga sarafu katika uzi na kuzibeba shingoni au kiunoni. Mwaka 1907 na 1908 zilitolewa senti za aluminiamu, miongoni mwa sarafu za kwanza duniani za madini hayo kutumika sokoni. Zilikuwa nyepesi na hazikustahimili jasho wala unyevu wa nchi zetu, ndiyo maana zikaachwa upesi na mahali pake kuchukuliwa na nikeli. Senti ya aluminiamu iliyobaki safi mpaka leo ni ya kutafutwa kwa tochi.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, bei ya fedha ilipaa na kuipandisha rupia dhidi ya pauni. Walowezi waliokuwa na madeni walilalamika. Mwaka 1920 serikali ya kikoloni ikaifuta rupia na kuleta florini, iliyolinganishwa na shilingi mbili za Uingereza. Hata kabla watu hawajaizoea, mwaka 1921 uamuzi ukabadilishwa tena na shilingi ya Afrika Mashariki ikaanzishwa. Florini nyingi zilirudishwa na kuyeyushwa. Kwa hiyo florini ya mwaka 1920, ambayo haina kisa cha mapenzi ya mfalme, ni adimu kuliko otonglo ya Edward.

Jirani zetu wa Tanganyika nao wana yao. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa vitani na kukatiwa mawasiliano na kwao, walifua sarafu za dhahabu za rupia 15 katika karakana ya reli huko Tabora. Zina picha ya ndovu mbele ya mlima, na wakusanyaji huzinunua kwa bei kubwa. Kwa sababu hiyohiyo za kughushi ni nyingi.

Jinsi ya kutoingia mtegoni

Ukiifumania sarafu ya zamani, la kwanza ni kutoisafisha. Wengi huifikicha kwa majivu, ndimu au dawa ya kung'arishia vyombo, wakidhani mng'ao utapandisha bei. Kinyume chake, rangi ya kahawia iliyojijenga kwa miaka mingi ndiyo ithibati ya umri, na mikwaruzo ya kusugua haiwezi kufutika. Mkusanyaji akiona sarafu iliyosuguliwa, huipunguzia thamani papo hapo.

La pili, ishike kwa ukingo, uiweke katika bahasha ya karatasi kavu, mbali na unyevu. Hewa ya ziwani haina urafiki na shaba.

La tatu, isome kabla ya kuisemea. Tazama mwaka, jina la mfalme, thamani na alama ya kiwanda. Kwa shilingi yenye picha ya simba, mwaka hueleza mengi: zilizofuliwa kuanzia 1921 hadi 1946 zina robo ya fedha halisi ndani yake, ilhali zile za kuanzia 1948 ni mchanganyiko wa shaba na nikeli. Jaribu pia sumaku. Fedha, dhahabu na shaba hazivutwi na sumaku. Rupia inayonatia sumaku kama msumari ni ya kughushi.

La nne, na kubwa kuliko yote, ni kuhusu pesa zako. Mnunuzi wa kweli hutoa pesa, haombi. Anayekutaka umtumie ada ya ukaguzi, ya cheti, ya bima au ya forodha kabla hujaona senti yake hanunui chochote. Wewe ndiwe bidhaa yake. Jihadhari vilevile na hadithi za rupia yenye nguvu za kiajabu, inayodaiwa kufukuza punje za mchele au kuzima tochi. Hakuna chuma cha namna hiyo, wala hakuna maabara ng'ambo inayokinunua. Wapo waliouza ng'ombe kwa kuiamini hadithi hiyo.

La tano ni sheria. Kwa mujibu wa Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006, kitu kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895, isipokuwa vitabu na hati, huhesabiwa kuwa cha kale, na kukipeleka nje ya nchi kunahitaji kibali. Otonglo haifikii umri huo. Lakini sarafu ya IBEA ya mwaka 1888 inaufikia, hali kadhalika rupia yenye sura ya Malkia Victoria iliyoingia nchini mapema. Mwenye shaka na awaulize wataalamu wa makumbusho, kwa mfano ya Kisumu, kabla ya kumsikiliza dalali.

Mali bila daftari

Wakusanyaji mahiri wana tabia moja ambayo hata asiye na nia ya kuuza anaweza kuiiga: huandika. Sarafu imetoka wapi, ilikuwa ya nani, ilipatikana lini. Sarafu yenye maelezo ya asili yake huaminika sokoni kuliko isiyo nayo. Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa familia, daftari hilo lina maana zaidi ya bei. Otonglo iliyo katika kopo la nyanya huenda ilitokana na mauzo ya samaki wa Dunga, mshahara wa kuli wa bandarini, au chenji ya safari ya kwanza ya garimoshi. Aliyejua hayo ameondoka, na ni vyema wazee waliobaki waulizwe leo kuliko kungojea matanga mengine.

Sarafu hizo za tundu ziliendelea kufuliwa hata baada ya uhuru. Zile za mwaka 1964 hazina jina la mfalme wala malkia yeyote. Kenya ilipoanza kutoa sarafu zake zenye tarehe ya 1966, tundu likazibwa na sura ya Mzee Jomo Kenyatta ikaingia. Wakafuata marais wengine, hadi Katiba ya mwaka 2010 ilipopiga marufuku picha ya mtu yeyote katika fedha za nchi. Sarafu mpya zenye twiga, kifaru, simba na ndovu zilizinduliwa tarehe 11 Desemba 2018, siku na mwezi uleule Edward alioachia ufalme miaka 82 nyuma.

Kwa hiyo kijana aliyeipata otonglo baada ya matanga asione kwamba ameambulia patupu. Hana pauni milioni moja, ila ana ushahidi wa shaba wa mwaka ambao muuza samaki wa ziwani alimtangulia Mwingereza kushika jina la mfalme wake. Aifunge katika karatasi, aandike jina la nyanyake juu yake, kisha dalali akipiga simu kuulizia ada, amjibu kwamba sarafu haiuzwi.